Mwosha Aliyeuliza Mara Tatu

Mwosha alikuwa na tabia ya kukuuliza jambo mara tatu. Wataka chai? Unasema hapana, asante. Wataka chai? Unasema hapana, Mama, nimeshiba. Kisha ananyamaza kidogo, anakutazama usoni, na anauliza tena kwa sauti ile ile, bila kuudhika: wataka chai? Hapo ndipo unagundua kwamba ulikuwa na hamu ya chai tangu ulipovua viatu mlangoni. "La kwanza mtu hujibu kwa adabu," alikuwa akisema. "La pili hujibu kwa woga. La tatu sasa ndo yeye mwenyewe." Waliomzoea waliruka moja kwa moja hadi jibu la tatu ili chai iletwe mapema. Mimi sikujifunza. Miaka sita nilimpa majibu ya kwanza tu.

Namwita Mwosha kwa sababu Waswahili wote wa Riyadh walimwita hivyo, na wengine nadhani hawakujua kama ana jina lingine. Alikuwa Mzanzibari, mjane, akiishi kwenye nyumba ya ghorofa ya pili huko Shumaisi, juu ya duka la mazulia. Kazi yake ya kujitolea ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Aliosha mabibi wa majumba makubwa na aliosha wasichana wa kazi waliofia ugenini, na wote aliwaosha kwa mwendo mmoja, polepole, akiwaeleza kila anachofanya. "Sasa nakugeuza, mwanangu. Maji haya ya vuguvugu, usiogope." Usingejua ni nani kati yao aliyekuwa na dereva wake mwenyewe.

Mimi ni Mkenya, mfanyakazi wa nyumbani. Kwenye pasi na ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, naitwa Salma, na dini yangu imeandikwa Uislamu. Jina hilo nilipewa na ajenti, aliyeniambia kwamba msichana Mwislamu hupata nyumba haraka, akanifundisha kufunga mtandio mbele ya kioo cha ofisi yake. Kwetu mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa. Nilipofika niliogopa kusema, na baadaye nikazoea kuogopa.

Nilimjua Mwosha siku mama yake madam, bosi wangu, alipofariki. Madam alinichukua nimshikie mkoba. Nikajibana pembeni ya chumba cha kuoshea, nikitamani nisionekane, huku mwanamke mfupi mnene, amekunja mikono ya nguo, akiwaamrisha wote kwa Kiarabu, hadi wenye nyumba wenyewe. Akaniona. Akageukia Kiswahili pale pale.

"Na weye uliyejibandika ukutani, mwenyeji wa wapi?"

"Kenya, Mama."

"Njoo basi, Kenya, ushike mkasi. Sanda haijikati."

Madam alimpenda tangu siku hiyo kwa jinsi alivyomwosha mama yake bila haraka, na Mwosha alipoomba nije kumsaidia Ijumaa mojamoja, hakukatazwa. Kazi yangu ikawa ule mkasi. Nilikaa nyuma ya pazia nikikata nguo nyeupe, vipande vitano kwa kila mwanamke, na kusaga kafuri. Wasaidizi wengine walimwaga maji, walishika kichwa, walisugua majani ya mkunazi. Mimi hakunipa maji kamwe, wala hakuniita upande wa pili wa pazia. Nilidhani ananiona mzembe, na iliniuma, maana mengine nakubali lakini uzembe sina.

Kama unamwazia mtu wa huzuni, umekosea. Alipenda mzaha kuliko wali. Alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka zaidi ya sitini, mara tu wanawake waliporuhusiwa, na nisiseme uongo, hakujifunza sana. Alipita katikati ya mistari miwili, akawasha taa ya kulia na kukata kushoto. Wakimpigia honi alisema, "Nini haraka yenu? Mwishowe mtaletwa kwangu." Siku moja kule Sulay, kwenye maghala, akakumbuka baada ya kusema hivyo kwamba yeye huosha wanawake tu, na nyuma yetu alikuwa dereva wa lori mwenye ndevu hadi kifuani. Alicheka hadi ikabidi aegeshe pembeni, na yule dereva akapita akitutazama kwa huruma.

Mezani alikuwa na kero ya chumvi. Chakula kikishatandikwa na watu wamenawa, yeye huanza kutafuta chumvi ambayo iko mbele yake. Anaiinua, anaionja kwa ncha ya kidole, anaifunika, anaifunua. Mimi wakati huo huinamisha kichwa kama mtu aliyeingiwa na kitu jichoni, nikafumba macho na kusali upesi kimoyomoyo, kama nilivyolelewa. Nikifumbua macho, namkuta ndiyo kwanza anaiweka chumvi chini na kusema Bismillahi kwa sauti ya kusikika na wote. Nilifikiri ni mzee anayeogopa presha.

Kwenye mambo ya makaburi alikuwa mkali. Mwanamke wa Mombasa aliwahi kumhadithia habari za kwenda kuweka nadhiri kwenye kaburi la shehe mmoja kwao. Mwosha alimkatiza kabla hajafika mlangoni pa kaburi. "Maiti hana haja ya ubani wako. Ana haja ya dua, na dua utaomba jikoni kwako." Yule mama hakurudi tena Shumaisi.

Mtu mwenye ukali huo ndiye aliyenipeleka kwenye mawe.

Kila mwaka joto likipanda, madam na familia yake husafiri nje na nyumba hufungwa. Mimi niliachwa mikononi mwa Mwosha, na Mwosha hushuka Jidda kwa binti yake. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, thermosi ya chai ya tangawizi ikiwa katikati ya miguu yangu. Wenyeji hupenda jangwa majira ya baridi, wanapokwenda na mahema na makochi na mbuzi wa kuchoma. Sisi tulikwenda wakati hakuna hata mmoja anayelitaka. Kabla hujafika Taif, baada ya kituo cha mafuta chenye msikiti wa mlango wa kijani, alikuwa anaiacha barabara kuu na kufuata njia ya changarawe, gari likilalamika, hadi kwenye uwanda wa mawe meusi.

Pale pana maduara. Mawe yenye kimo cha goti yamesimamishwa moja kando ya jingine, duara la upana wa hatua kumi na mbili hivi, na pembeni mengine madogo. Jingine lina mkia wa mawe unaoshuka bondeni. Kuna ua wa waya ulioanguka na kibao kinachokataza kuhamisha jiwe lolote. Wanasema ni makaburi, ya watu wa kale sana, ambao hakuna anayejua walimwomba nani. Tulikuwa peke yetu kila mara. Mwosha alizunguka kwa nje akiokota mifuko ya plastiki iliyonasa, kisha akatandika mkeka kivulini mwa gari na kumimina chai. Ndani ya duara hakukanyaga. "Sijui kichwa kimelala wapi," alisema.

Safari ya kwanza nilimuuliza, si yeye ndiye anayewakataza watu kukaa makaburini?

Alipuliza chai yake. "Miye nafikia mlangoni, mwanangu. Naosha, navisha, natia kafuri, wanaume wanabeba, mlango wa makaburi unafungwa, wanawake nje. Miaka yote hii sijapata kuona hata mmoja alipolazwa. Hapa hapana mlango." Kisha, kama aliyejiona amesema mengi, "Tena nakuja kuipumzisha injini tu. Yachemka."

Injini haikuwa ikichemka. Nilimwona akiyatazama mawe yale, midomo ikicheza, na nikajua anawataja aliowaosha. Aliwakumbuka wote. Lakini kusema habari zao hakusema. Alichokiona kwenye ubao wa kuoshea kilibaki ubaoni, na hiyo ndiyo sheria aliyoishika kuliko zote. Bibi mmoja tajiri alimsogelea msibani kutaka kujua kama kweli mke mwenzake alikuwa na kovu la kupasuliwa. Mwosha akamjibu, "Nilichoona ni maji." Bibi akauliza tena. "Maji," akasema Mwosha, na akamwomba ampishe, ana sahani za kuosha.

Sasa niseme habari za Nekesa, ambazo nimekuwa nikizizunguka.

Nekesa alifanya kazi nyumba ya pili kutoka kwetu. Tulijuana juu ya paa, saa ya kuanika nguo, yeye kwao na mimi kwetu, tukiongea kwa kuibia. Alitoka Bungoma. Ajenti wake, kama wangu, alimtafutia pasi yenye jina la Kiislamu, na kwa mabosi wake aliitwa Zuhura. Mama yake hakujua habari za hilo jina. Nekesa aliniandikia namba ya mama yake kwenye kipande cha boksi la sabuni, akanirushia akisema, "Shika, dada, siku ukinikosa hapa juu umpigie." Tulicheka. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mimi nilimpenda kama mdogo wangu.

Siku moja nguo zao zikaanikwa na mtu mwingine. Karatasi ya hospitali ilisema moyo wa Nekesa ulisimama. Alikaa kwenye friji ya hospitali wiki saba karatasi zikizunguka, kisha akaletwa kwa Mwosha, jina Zuhura, dini Uislamu, kibali cha kuzikwa hapa hapa.

Mwosha alikuja upande wangu wa pazia, jambo ambalo hakulifanya kabla. Akasema, "Huyu niliwaona mkipungiana paani nilipokuja kukuchukua. Ana lolote nilijue?"

Nilikuwa na mkasi mkononi. Nikisema huyu si Mwislamu, nitaulizwa nimejuaje, na baada ya hapo nitaulizwa mimi ni nani. Niliona kafili, yule mwajiri anayeshika pasi yangu, niliona polisi, niliona ndugu zangu wanaosoma kwa mshahara wangu. Nikasema, "Hapana, Mama."

Alisimama. Nilisubiri la pili. Naapa kwamba kama angeuliza la pili ningetetemeka, na kama angeuliza la tatu ningesema. Akageuka, akavuta pazia, na nikasikia maji. Nilikata vipande vyangu vitano. Sikwenda kumwangalia uso, kwa aibu.

Nilimpigia mama yake, hilo angalau nililifanya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi sijazaa mtu anaitwa Zuhura." Nikamweleza tena habari za pasi. "Wewe ulimwona?" Nikasema nilikuwepo lakini uso sikuuona. "Basi huyo ni wa wenyewe. Wangu atapiga simu." Kwa miaka miwili, kila Jumapili akitoka kanisani, alinitumia ujumbe: umesikia lolote? Msimu wa kupanda ukifika alimlimia Nekesa mistari yake ya mahindi, kama alivyomlimia tangu aondoke, na mahindi yake hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Ndugu walitaka kufanya matanga. Alikataa. Mwenye matanga lazima awe na maiti, na yeye alikuwa na jina la mtu asiyemjua.

Mtu mmoja tu duniani alikuwa amemwona Nekesa vizuri, na mtu huyo alikuwa mwenye kujibu "maji."

Kiangazi cha mwaka jana, kwenye mawe, nilimwambia. Nilimwambia yote kwa mkupuo, chai ikipoa mkononi: Nekesa, paa, kipande cha boksi, mahindi. Mwosha hakunitazama. Alikuwa akitazama lile duara.

"Nilikuuliza," akasema.

"Mara moja, Mama."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema hivyo. Vidole vyake, ambavyo vilikuwa vikikunjua ncha ya mkeka, vilisimama. Nikaendelea kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza. "Mama yake anataka tu alama. Kovu, jino, kitu chochote. Ajue kama ni mtoto wake ndiyo alie."

"Hilo siwezi. Hilo ni la mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa, Mama. Mamake ndiye yuko hai."

Alichukua thermosi akaimwaga chai yote mchangani, mwanamke ambaye hakupata kumwaga hata maji ya kuoshea mchele. Akainuka kwa shida, magoti yakimsumbua, akaelekea upande wa mawe, akapita katikati ya duara, moja kwa moja, akatokea upande wa pili na kubaki huko amenipa mgongo. Nilikunja mkeka peke yangu. Kutoka pale hadi Jidda hakumkosoa dereva yeyote.

Aliporudi Riyadh hakunipigia. Ijumaa zikapita. Nikasikia kwa wanawake wengine kwamba Mwosha ameacha kuosha, ati mikono imekufa ganzi, kisha nikasikia amefunga nyumba ya Shumaisi na kuhamia kwa binti yake moja kwa moja. Waliofariki mwaka ule walioshwa na wengine. Niliona ni mimi niliyefanya hivyo, na sijaacha kuona hivyo.

Mwaka huu joto lilipopanda na madam akasafiri, nilipata ujumbe wa sauti. "Njoo Jidda. Njoo na ile namba." Basi. Nikapanda basi.

Alikuwa amepungua. Alikaa kwenye kochi la binti yake, magoti yamefungwa kitambaa, ile mikono yake mapajani, mitupu. Sikujua nimsalimie vipi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida, akaniambia nikae karibu maana sikio moja limekuwa zito.

"Nilijua hutaweza kusema kweli," akasema. "Ndo maana nikakuuliza weye, tena mara moja. Wiki saba kwenye barafu, mwanangu. Nilipofunua ile nguo nikaona mkononi kamba nyekundu iliyochakaa, ina kimsalaba, ya aina wanayovaa wenzenu wa kanisani. Nikajua pana jambo. Lakini nikisimamisha, karatasi zinaanza upya, na yeye anarudi kwenye lile friji. Nilitaka alale. Nikajitafutia jibu la kwanza nikalichukua." Akavuta pumzi. "Haya, piga. Weka sauti nje."

Mama Nekesa alipokea kabla simu haijalia vizuri. Nilimwambia nani anataka kuongea naye. Kuku walisikika nyuma yake.

"Mama," akasema Mwosha, "miye ndiye niliyemwosha yule msichana. Sijapata kusema habari ya maiti hata mmoja. Leo nasema. Mkono wa kulia, kwa ndani, chini ya kiwiko, ana kovu la kuungua. Refu, limepinda kwa chini."

Kuku.

"Ni uji," akasema mama. "Alivuta sufuria. Alikuwa na miaka minne. Nilikuwa nimetoka kidogo kuteka maji."

"Eeh."

"Kwa hivyo ni yeye."

"Ni yeye, mama."

Sijawahi kusikia mtu akilia vile, bila kupaza sauti, kama anayebeba mzigo mbali sana. Mwosha hakumwambia anyamaze, na mimi nilishika simu kwa mikono miwili. Baadaye mama akauliza alizikwa kama nani. "Kama Zuhura," akajibu Mwosha. "Kosa hilo langu. Sikuuliza vizuri." Akauliza wapi. "Sijui. Miye nafikia mlangoni." Nilingoja mama atutukane, alikuwa na haki. Akauliza, "Nywele zake alikuwa amesuka?"

"Alikuwa amesuka. Nilimfumua, nikamsuka upya, mitatu."

"Ulimvuta?"

"Sikumvuta."

"Huwa hapendi kuvutwa," mama akasema, na simu ikakatika. Hakusema asante wala hakusema ametusamehe. Nafikiri siku ile alitoka akaenda shambani.

Binti yake Mwosha akaleta chakula, samaki wa kukaanga na wali, akatuacha wawili. Tulinawa. Mwosha akainyanyua chumvi, akaionja, akaifunika. Niliiangalia ile mikono ikipoteza muda na kibakuli, na ghafla nikaelewa kwa nini hakunipa maji kamwe, kazi ya Mwislamu kwa Mwislamu mwenzake, na kwa nini sikuitwa upande wa pili wa pazia. Machozi ya miaka sita yakanijia kwa pamoja. Aliniona nimeelewa. Akaweka chumvi chini.

"Jina lako nani?" akaniuliza.

"Si unalijua, Mama. Salma."

"Jina lako nani?"

Nilitazama mlango. Binti yake alikuwa jikoni, bomba likifunguliwa na kufungwa. Niliogopa kama siku ya kwanza uwanja wa ndege.

"Siku yako ikifika huulizwi weye," akasema Mwosha. "Huulizwa mwenzio aliyesimama nyuma ya pazia na mkasi. Miye nataka niwe nalijua." Akaniwekea mkono wake begani, mzito, wenye harufu ya sabuni. "Jina lako nani, mwanangu?"

"Roda," nikasema. "Roda Chebet."

Akalirudia mara tatu, polepole, la mwisho akalipatia. Kisha akachukua tena kile kibakuli cha chumvi na kukifunua.

"Haya, Roda. Fumba macho usali. Samaki anapoa."